Mlango wa Mstari wa Pili

Jamani, kama kuna mahali mtu mzima mwenye heshima zake anaweza kugeuka mwehu bila kuonja hata tone la pombe, basi ni mbele ya geti la shule asubuhi. Mama wa watu katoka kwake katulia, kachana nywele, kasali, akifika pale anatoa kichwa dirishani na kumtukana mtu asiyemjua. Magari yanapanda juu ya njia ya miguu. Kila dereva anawasha taa za dharura, na kwake yeye taa hizo zina maana moja tu: mimi nina ruhusa, nyie wengine ngojeni.

Ndipo wazazi wakaitwa kikao. Ikakubaliwa foleni iwe moja, ile ya ukutani. Gari lisogee polepole mpaka kwenye visanduku vya bluu vilivyochorwa kwenye lami, mzazi wa zamu aliyevaa kizibao cha kung'aa afungue mlango, mtoto ashuke upande wa ukuta, gari liondoke. Mtoto asifungue mlango mwenyewe. Na kusimama mstari wa pili, marufuku kabisa. Atakayejaribu azungushwe mtaa mzima arudi mkiani. Fundi friji alikuwemo kikaoni siku hiyo. Tena alisimama akasema, kwa sauti yake ile ya kuitia watu sokoni, kwamba asiyefuata utaratibu ni mtu asiyependa watoto. Akapigiwa makofi.

Huyo fundi ndiye mwenye kisa hiki. Alikuwa na pikapu ya kazi, nyuma imejaa mitungi ya gesi na kompresa zilizokufa, mbele anakaa yeye na binti yake wa pekee. Mtoto mwenyewe watu walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kutoka nyumbani mpaka shule alikuwa ameshakuhadithia ndoto ya jana, ugomvi wa darasani, na wimbo mzima wa kwaya, sauti ya kwanza na ya pili.

Basi asubuhi moja mwenye bucha akawa anapiga simu juu ya simu. Friza limezima tangu usiku, nyama inaanza kunuka, fundi uko wapi? "Nimeshafika hapo kwenye kona," akajibu fundi, na wakati huo hata mtaa wa shule alikuwa hajauingia. Si mnawajua mafundi?

Foleni haikusogea. Mbele kulikuwa na mzee mmoja akimbusu mjukuu wake kama anampeleka ng'ambo. Fundi akapiga mluzi, akatazama simu, akatazama mbele, uzalendo ukamshinda. Akachomoka, akaenda kusimama mstari wa pili, sambamba na magari ya ukutani. Mlango wa Chiriku ukawa unatazama ule upenyo mwembamba uliobaki katikati ya mistari miwili.

"Shuka," akasema.

"Baba, mwalimu amesema tusishukie hapa. Amesema tungoje tufunguliwe."

"Mwalimu hana nyama inayooza. Shuka upesi!"

"Lakini baba..."

"Chiriku! Nimesema shuka!"

Chiriku akafungua mlango.

Mwalimu wa muziki alikuwa anapita katika upenyo ule na baiskeli yake, mkoba mgongoni, kama alivyopita kando ya foleni kila siku. Mlango ukamkuta kifuani. Kufumba na kufumbua mwalimu yuko chini, baiskeli juu yake, na mkono wake wa kulia umejikunja mahali ambapo mkono haujikunji.

Watu wakajaa. Mama wa zamu, mwanamke mwenye mwili wake na sauti yake, akaja mbio na kizibao kinapepea. "Nani kafungua huu mlango? Nauliza, nani?" Wanaume wawili wakalisogelea dirisha la fundi, na sura zao hazikuwa za salamu. Fundi akili zikamruka. Hakupanga, haki ya Mungu hakupanga. Mdomo ulimtangulia.

"Ni huyu mtoto!" akapaza sauti. "Nimemwambia asubiri! Nimemwambia, hasikii!"

Akamwona Chiriku akigeuka kumtazama. Midomo ilikuwa imeshafunguka, neno liko hapo hapo linataka kutoka. Kisha akaifunga.

"Watoto wa siku hizi, bwana," mtu mmoja akasema, na wale wanaume wakarudi nyuma. Fundi mwenyewe akampakia mwalimu kwenye pikapu, akampeleka hospitali, akakaa naye mpaka mkono ukafungwa plasta. Mwalimu akamshukuru sana. Ile nyama ya bucha iliharibika yote, kwa hiyo hata hiyo haraka haikumsaidia mtu.

Usiku mezani mama yake Chiriku alikuwa mbogo. Mama huyu alikuwa mshona mapazia, mtu wa vipimo, hapendi jambo lipinde. "Umetutia aibu, mtoto wewe! Baba yako anakwambia subiri, wewe unafungua. Hayo masikio umewekewa ya pambo?"

Chiriku akatazama sahani yake. Akamtazama baba yake mara moja, akarudi kwenye sahani.

Hapo sasa. Hapo ndipo fundi angesema. Maneno yenyewe hayakufika hata kumi: mke wangu, ni mimi niliyemwambia ashuke. Lakini hebu mtazameni mwanamume mzima na ndevu zake! Akamega tonge, akalitafuna, akaomba maji. Alijiambia kwamba atasema kesho, mambo yakipoa.

Mambo hayakupoa. Shule ilikuwa inajiandaa kwa mashindano ya kwaya, na bila mkono wa mwalimu hakukuwa na kinanda, na bila kinanda kwaya ikaondolewa mashindanoni. Watoto hawana dogo. Wakampa Chiriku jina jipya, Mvunja Mkono, na kwenye benchi la mapumziko wakawa wanasogea akikaa. Akaacha kwenda mazoezi ya nyimbo. Kwenye pikapu asubuhi kukawa kimya mpaka fundi akawa anasikia mitungi ikigongana nyuma.

Halafu likaanza jambo jingine. Mama akimwambia, "Niletee kikombe," Chiriku anasimama mlangoni. "Mama, umesema kikombe?" Ndiyo, kikombe. Anakwenda, anarudi mikono mitupu. "Umesema kikombe au umesema sahani?" Jirani akimwita, anauliza kama kweli ameitwa. Mwalimu wa hesabu akatuma ujumbe kwamba mtoto anarudia kuuliza kila swali, pengine hasikii vizuri.

"Nilijua tu," mama akasema. "Mtoto ana tatizo, na mimi namgombeza bure." Akalia, maskini. Wakampeleka hospitali.

Fundi alikaa kwenye kiti cha plastiki, akamwangalia mwanawe kupitia kioo. Alikuwa amevishwa vile visikilizio vikubwa, ameinua kidole, anangoja mlio. Kila mlio ulipokuja alinyoosha kidole, kisha akamtazama daktari kwa wasiwasi, kama anayeomba asamehewe ikiwa amekosea. Fundi alitamani ardhi ipasuke. Aliona haya kuliko alivyowahi kuona haya maishani mwake.

"Masikio yake mazima," daktari akasema. "Anasikia kuliko mimi."

"Sasa mbona hakumsikia baba yake?" mama akauliza.

Fundi akasema ngoja akalete gari.

Siku ya mapumziko wakaenda kumwona mwalimu wa muziki kwake, vyumba viwili juu ya duka la vyombo. Kinanda kilikuwa kimefunikwa kitambaa. Mwalimu aliwakaribisha vizuri, akatania kwamba sasa anapiga mswaki kwa mkono wa kushoto na meno yamegoma. Mama akamsukuma Chiriku kidogo begani.

"Shikamoo, mwalimu," Chiriku akasema. "Naomba unisamehe. Baba aliniambia nisubiri. Mimi sikusikia, nikafungua mlango."

Alisema bila kukwama, kama mtoto anayesoma kitabuni. Na fundi alipomtazama usoni, akaona jambo lililomkata maini. Mtoto hakuwa anamfichia siri. Mtoto alikuwa anaamini.

"Si kweli," fundi akasema.

Wote wakamgeukia.

"Si kweli, mwalimu. Sikumwambia asubiri. Mimi ndiye niliyemwambia ashuke. Alinikatalia, nikamfokea. Kosa ni langu mimi, si la huyu mtoto."

Alifumba macho akingoja gharika. Haikuja. Alipofumbua, mwalimu alikuwa anatabasamu, na machozi yanamlengalenga.

"Umebarikiwa, binti," mwalimu akamwambia Chiriku. "Baba wa namna hii ni wachache. Anajitwika lako ili wewe upumue."

"Baba Chiriku, acha kumdekeza," mama akasema, lakini alikuwa ameshamshika mkono chini ya meza na kuuminya, kwa mapenzi ambayo hakuwa ameyaonyesha siku nyingi.

"Nasema kweli! Mke wangu, nasema kweli tupu!"

"Haya, tumekusikia."

Chiriku akamvuta shati. "Baba," akanong'ona, "usiseme uongo kwa ajili yangu. Si vizuri."

Basi fundi akarudi nyumbani amevikwa kilemba cha ukoka, mkewe amemlegezea sauti, na kila kona ya mwili wake inawaka moto. Hakulala. Akajaribu tena na mkewe alfajiri, mkewe akamwambia, "Yaishe, mume wangu, mtoto keshasamehewa."

Asubuhi akapanga foleni ya ukutani. Hakupiga honi, hakutazama simu, ingawa ilikuwa inalia mfukoni. Walipofika kwenye kisanduku cha bluu, zamu ilikuwa ya yule yule mama mwenye sauti. Akafungua mlango.

"Haya, mwanangu, shuka."

Chiriku hakushuka. Akamgeukia baba yake.

"Baba, umesema nishuke?"

"Ndiyo, shuka."

"Sema kwa sauti, na huyu mama asikie. Isije ikawa sikusikia vizuri."

Mama wa zamu akacheka. Fundi hakucheka. Akazima gari.

Nyuma honi zikaanza, moja, kisha zote. "We Baba Chiriku, unazuia watu!"

"Wangoje," fundi akasema. Akageuka kabisa kwenye kiti, akamtazama mwanawe. "Nisikilize. Jana sikuwa nakutetea. Siku ile ulinikumbusha maneno ya mwalimu, nikakukaripia. Ukataka kusema tena, nikakukatiza. Neno 'subiri' halikutoka mdomoni mwangu mpaka watu walipokuja. Nilikwambia shuka. Nilikwambia mara tatu. Wewe ulinitii, nami nikakusingizia mbele ya watu wote."

Mama wa zamu alikuwa bado ameshika mlango. Kicheko kilikuwa kimefutika usoni mwake.

"Kwa hiyo nilisikia vizuri," Chiriku akasema.

"Ulisikia vizuri, mama yangu."

"Sasa mbona ulisema ni mimi?"

"Niliogopa. Wale watu walikuja dirishani, nikaogopa."

Chiriku akauchukua mkoba wake kutoka miguuni, akaingiza mkono mmoja kwenye kamba, kisha mwingine. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anamtazama baba yake kama mtu anayesoma neno refu kwa mara ya kwanza.

"Na mimi niliogopa, baba," akasema. "Lakini mimi sikusema ni wewe."

Akashuka upande wa ukuta, akaingia getini. Mama wa zamu akausukuma mlango ukajifunga, bila kumwangalia fundi, akaenda kulifungulia gari lililofuata pale pale liliposimama. Fundi akashika ufunguo, na ilimchukua muda kuuzungusha.