Nywele za Chiriku

Kinyozi alikuwa na binti mmoja, na tangu akiwa mdogo mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo haukumkaa. Akitoka shule alipitia kwanza kwenye kibanda cha baba yake, akajibanza kwenye benchi la wateja na kuanza kusimulia: nani kagombana na nani, mwalimu gani kasinzia darasani, nani kalia kwenye hesabu. Wateja walimchokoza. "Kinyozi, huyu mpeleke redioni, sisi tumeshamsikiliza vya kutosha." Baba yake alicheka, mashine ikiendelea kunguruma.

Kisha mama yake akapata mimba ya pili, waliyokuwa wameisubiri miaka mingi. Ikakua vizuri mpaka mwisho, na mtoto akazaliwa bila kulia. Alikuwa wa kiume, mzuri wa kumtazama, ila hakupumua. Walimzika siku ileile. Ndugu walikuja, wakakaa, wakasema watapata mwingine, wakaondoka.

Baada ya hapo mama alilala. Usingizi haukumjia, alilala tu, uso kauelekeza ukutani, shuka kajifunika mpaka shingoni. Hakupika, hakuoga mpaka aambiwe, na akiulizwa jambo alijibu kwa neno moja au asijibu kabisa. Kinyozi hakujua afanye nini, kwa hiyo alifanya alilolizoea: alitoka mapema kwenda kazini na kurudi akiwa hoi. Alikuta nyumba imefagiliwa, chakula kimefunikwa mezani, sare ya shule imeanikwa. Akajiambia mke wake anapata nafuu kidogo kidogo. Mikono iliyofanya kazi hizo ilikuwa ya nani hakutaka kuuliza. Alijifanya hamnazo.

Chiriku alikuwa na miaka kumi. Alikuwa haji tena kibandani, na wateja walipomuulizia, baba yake alisema mtoto amekua, ana masomo.

Jumamosi moja umeme ulikatika na wateja wakatawanyika. Kinyozi akarudi nyumbani mchana, akamkuta binti yake uani akifua, kichwani kafunga kitambaa kama mwanamke mtu mzima.

"Njoo nikuchane," alimwambia. "Siku nyingi sijakuchana."

"Nimeshachana, baba."

"Njoo basi nione."

Mtoto alikishika kitambaa kwa mikono miwili iliyojaa povu. Baba akamfungua vidole taratibu, akakivua. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na kipara, na kisogoni kingine kikubwa zaidi. Kinyozi aliyajua mapunye, aliyajua na makovu ya moto. Haya hayakuwa mapunye. Nywele za pembeni zilikuwa zimekatika kwa urefu tofauti tofauti, kama zilizong'olewa moja moja.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Sijui, baba. Mkono unakwenda wenyewe. Nikiwa nimekaa namsikiliza mama kama anapumua."

Kinyozi alikaa chini kwenye sakafu yenye maji. Alikuwa ameshika vichwa vya nusu ya mtaa, na cha mwanawe hakukigusa tangu msiba.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyemwelekeza kwenye kituo cha kusaidia watoto. Kilikuwa ukumbi mkuukuu nyuma ya ofisi ya mtaa, na ndani yake chumba kimoja chenye mikeka, rangi, udongo wa kufinyanga na wanasesere waliochakaa. Aliyekuwa na chumba hicho ni mshauri nasaha, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, ambaye watoto wote walimwita Shangazi. Alimpiga mtoto picha ya kichwa, akasema ni ya kuweka kwenye faili ili Chiriku mwenyewe aje aone nywele zinavyorudi. Kisha akamgeukia baba.

"Atakayoyasema humu yanabaki humu. Hata wewe, ukitaka kujua, muulize mwenyewe, na akisema hapana, umwache. Mtoto huyu hajui kusema hapana. Tutaanza na hilo."

"Sawa, dada."

"Nyumbani nani anapika?"

Kinyozi akaangalia viatu vyake.

"Basi dawa ya kwanza unayo wewe," Shangazi alisema.

Kinyozi akajifunza kupika. Aliunguza, akatia chumvi mara mbili, akapika tena. Mtoto akarudishiwa jioni zake. Mara moja kwa wiki alikwenda kwenye kile chumba akafinyanga, akachora, na kujifunza na wenzake kusema "sitaki" kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, mpaka wanaangua kicheko. Shangazi alifika na nyumbani pia, akakaa sakafuni kando ya kitanda cha mama bila kumhimiza kwa lolote. Alikuja hivyo mara kadhaa. Siku moja mama akageuka kutoka ukutani, akamuuliza kama angependa chai, akaamka kwenda kuichemsha.

Kituoni kulikuwa pia na kikundi cha wazazi. Alikuwamo mshona nguo aliyeachwa na mumewe, mzee mlinzi anayelea wajukuu, na wengine wenye mizigo yao. Mama Chiriku alikaa nao wiki nyingi bila kusema kitu. Kisha alasiri moja akataja jina walilokuwa wamemwekea mtoto, jina ambalo yeye na mumewe hawakuwahi kulitamka tangu kaburini, na wale watu wakalirudia baada yake, kila mmoja. Alirudi nyumbani macho yamevimba, akala sahani nzima.

Nywele zikaanza kurudi, nyepesi, laini kama za mtoto mchanga. Chiriku akarudi kwenye benchi la wateja. Kinyozi hakuweza kunyamaza. Kila kichwa kilichoinama mbele yake kilisikia habari za kituo, kitake kisitake, na mteja mmoja akasema siku hizi anajua kwa nini yule mtoto anaitwa Chiriku, amerithi.

Habari zikamfikia mkurugenzi wa kituo. Akaja mwenyewe kibandani, mtu mpole, shati limepigwa pasi, akasubiri zamu yake kama wengine. Aliponyolewa akabaki kitini.

"Baba Chiriku, wafadhili wetu wanakuja. Wakiridhika, tunajenga jengo jipya. Wasiporidhika, hata kile chumba sina hakika nacho. Nilitaka binti yako aseme maneno mawili matatu tu."

"Shangazi anasemaje?"

"Shangazi ana wasiwasi wake, amekataa. Ni mtaalamu, namheshimu. Lakini mwenye mtoto ni wewe."

Kinyozi alikung'uta kitambaa cha kunyolea, akakikunja, akakikunjua tena. Hakuna mtu mwenye shati kama lile aliyewahi kumwambia kwamba neno lake ndilo la mwisho. Na alikuwa na shukrani iliyomjaa kifuani, hajui pa kuitua.

"Atasema," alijibu.

Jioni, wakila, alilitoa lile jambo. Alilieleza kwa furaha, mikono ikipepea: wageni, kipaza sauti, watu watakavyopiga makofi. Chiriku alimsikiliza kijiko kikiwa hewani.

"Shangazi amekubali?"

"Amekubali."

Mkewe akamtazama. "Una hakika?"

"Mama Chiriku, watu hawa wamekurudishia mtoto. Mimi nitawalipa nini, kuwanyoa?"

"Nimekuuliza kama una hakika."

"Nina hakika."

"Basi nitasema," Chiriku alisema haraka, akainama kula.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Wageni walikaa mbele kwenye viti vyenye vitambaa, na kando yao kwaya ya shule, watoto waliokuwa darasa moja na Chiriku. Yeye alivaa gauni jipya na kitambaa cha kichwa cha rangi hiyohiyo, alichoshona yule mshona nguo wa kikundi. Alizungumza vizuri. Alisema mama yake alikuwa mgonjwa wa huzuni, na yeye alikuwa na hofu, na kituo kiliwasaidia. Wageni walitikisa vichwa. Kinyozi, safu ya tatu, aliona kama kifua kitampasuka.

Hapo mkurugenzi akatoa ishara, na kwenye kitambaa cheupe ukutani ikatokea picha. Kichwa cha mtoto kwa nyuma, kikubwa kama mlango, vipara viwili vinang'aa. Mtu mmoja mbele akavuta pumzi. Kwenye kwaya, mtoto akafunika mdomo, mwenzake akamtia kiwiko, na kicheko kikapita safu nzima.

"Hivyo ndivyo alivyokuwa," mkurugenzi alisema kwenye kipaza sauti. "Sasa, mwanangu, hebu vua kitambaa wageni wakuone ulivyo leo."

Chiriku hakumtazama mkurugenzi. Alimtafuta baba yake kati ya watu, akampata. Na Kinyozi, kabla hajajua anafanya nini, akaitikia kwa kichwa.

Akakivua. Watu wakapiga makofi kwa nguvu, wengine wakasimama. Katikati ya makofi mama yake alinyanyuka, akapita mbele ya magoti ya wageni bila kuomba radhi, akapanda jukwaani, akamfunga mwanawe kitambaa na kumtoa nje kwa mkono. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, uso umempauka. Aliinama kumwambia kitu mtoto. Chiriku akageuza uso, akapita.

Shuleni walimwita Mlango, kwa ajili ya ile picha. Kwa wiki kadhaa alikwenda kimya na kurudi kimya, kisha mkono ukaanza tena. Safari hii haukwenda kichwani, ulikwenda kwenye nyusi. Siku moja alimfuata baba yake kibandani akiwa hana nyusi kabisa, akapanda kile kiti kinachozunguka, akasema, "Ninyoe zote. Nisiwe na za kung'oa." Kinyozi alimnyoa. Alinyoa polepole kuliko alivyowahi kumnyoa mtu, na mteja aliyekuwa akisubiri akatoka nje, akasimama juani mpaka walipomaliza.

Shangazi alimkabili mkurugenzi mbele ya wafanyakazi wote. Mkataba wake ulipoisha hakupewa mwingine. Alikuja nyumbani kwao mara mbili, na mara zote mbili Chiriku alijifungia chumbani. Chumba chake kituoni walipewa washauri vijana waliokuwa wakija na kuondoka. Mama Chiriku na wenzake wakahamishia kikundi chao kwenye chumba cha mshona nguo, wakakaa kati ya vyerehani. Huko aliendelea kwenda, na huko alikuwa akizungumza. Nyumbani alimwambia mumewe yale ya lazima tu: chumvi imeisha, mlango ufungwe. Kinyozi alipojaribu kujieleza alimkatisha. "Nilikuuliza mara mbili," alisema, na hakulizungumzia tena.

Jengo jipya lilijengwa, la ghorofa, lenye madirisha makubwa. Getini waliweka bango, na kwenye bango alikuwamo Chiriku, picha mbili bega kwa bega. Kinyozi alikwenda kuomba liondolewe.

"Baba Chiriku, ulikubali wewe mwenyewe," mkurugenzi alisema, na hakusema kwa ubaya. "Tena tazama dirishani. Hawa wote wamepata nafasi kwa sababu ya binti yako. Nikilishusha, nitawaambia nini waliotoa pesa?"

Kinyozi akatazama. Watoto walikuwa wengi kweli, wamekaa kwenye mikeka mipya, wanafinyanga. Alitamani aone chumba kitupu. Alitoka bila kuaga.

Mwaka uliofuata, yeye na Chiriku walikuwa wakitoka sokoni na mfuko wa vitu vya nyumbani, wakamwona Shangazi akija upande wao, amebeba mwavuli. Chiriku alivuka barabara papo hapo, karibu agongwe na baiskeli. Shangazi alisimama, akamwangalia mtoto, akampungia baba mkono kidogo, akaendelea na njia yake.

Kinyozi alimfuata binti yake, akamkuta amesimama nyuma ya kibanda cha kuuza vocha. Akaona hawezi tena kukaa na lile jambo.

"Usimchukie Shangazi," alisema. "Hakukubali. Alikataa tangu mwanzo. Mimi nilikudanganya."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Siku ileile, tukila. Shangazi asingekubali."

"Sasa mbona ulisema utakwenda?"

Chiriku alikuwa akiparuza ukuta wa kile kibanda kwa ukucha. "Ulikuwa unacheka, baba. Ulikuwa unarusha mikono. Tangu mtoto afe nilikuwa sijakuona hivyo."

"Na Shangazi unamkimbia kwa nini?"

"Naona haya. Alinifundisha kusema sitaki. Nilikuwa naweza, nilikuwa naweza kabisa. Nikasema ndiyo."

Kinyozi alitaka kumwambia kwamba haya si yake, ni ya baba yake, lakini machozi yalikwisha kutoka, mbele ya muuza vocha na wapita njia. Chiriku alitazama kulia na kushoto, akamsogelea, akasimama kati yake na barabara ili watu wasimwone.

"Usilie hapa, baba," alisema kwa upole. "Lete mfuko nikubebee."

Akaunyoosha mkono, na baba yake akampa. Mtoto akauweka mfuko begani, mzito kwake, akatangulia.