Uzi Usio na Vinundu

Mkaguzi aliusogeza uzi wa Sanyasamma hadi karibu na pua, akatafuta kasoro, akaikosa. Ndipo alipoukataa.

"Huu ni wa kiwandani, mama."

Wanawake waliopanga foleni kwenye baraza ya ofisi ya ushirika walicheka, wakidhani anatania. Sanyasamma hakucheka. Pamba ile aliichana mwenyewe kwa taya la samaki, meno yale madogo yakipita na kurudi mpaka nyuzi zikalala sawa. Kisha akaisokota miezi miwili, kiuno kikimuua. Bila muhuri wa kazi ya mkono ushirika haupokei uzi, na kijiji kizima hakina mnunuzi mwingine.

"Bwana mkubwa, gurudumu langu liko nyumbani, hapo nyuma tu. Njoo unione nikisokota."

"Nina vijiji sita leo."

"Basi nililete hapa."

"Mama, uzi wa mkono una vinundu. Ndivyo ilivyoandikwa. Wateja wa Haidarabadi wanapapasa kwanza vinundu. Wako hauna hata kimoja, nitautetea vipi?"

"Mama yangu alinichapa vidole kwa taya hilohilo kila nilipoacha kinundu!"

"Hayo ni ya kwenu."

Nyuma ya Sanyasamma alisimama Gavaramma, mke wa mwanawe, ameshika uzi wa mabonge mabonge. Kwa miaka mitano Sanyasamma alikuwa akimsimanga kwamba uzi wake unafaa kufungia mbuzi. Mkaguzi aliupapasa, akatabasamu, akagonga muhuri. Gavaramma aliinamisha uso, hakujua aufiche wapi.

Sanyasamma hakuondoka. Macho yake yalikuwa kwenye shati la mkaguzi, jeupe, la vinundu, lenye muhuri uleule kwenye lebo ya mfuko. Akaudaka mkono wa shati na kuupapasa.

"Kila shubiri, kinundu kimoja," alisema. "Hebu pima. Binadamu gani anakosea kwa kipimo? Hili ndilo la mashine, bwana."

Wanawake wakasogea kulitazama shati.

"Niachie shati langu," mkaguzi alisema taratibu. "Hili lina muhuri. Wako hauna." Akatazama foleni nyuma ya Sanyasamma. "Anayefuata!"

Nyumbani, Sanyasamma aliketi mbele ya gurudumu lake.

"Nifundishe," alimwambia Gavaramma bila kumtazama.

"Mama, jamani..."

"Nifundishe, nimesema."

"Legeza kidole gumba. Usiuangalie uzi. Waza mambo mengine."

Akalegeza. Kinundu kikatokea, kinene, kikaanza kusogea kuelekea kwenye kijiti kinachozungushiwa uzi. Kabla hakijafika, vidole vyake vikakidaka, vikakilainisha, kikapotea. Akajaribu tena. Vikakilainisha tena. Mara ya tatu alifumba macho kabisa, na bado uzi ukatoka sawa.

Sanyasamma akaliokota taya la samaki, akaanza kuvichapa vidole vyake.