Kidole cha Olinga

Mtu mzima na ndevu zake, Olinga, alisimama mbele ya wanywaji wote pale Amukura akasema Alupo amemroga. Kisa? Kidole gumba cha mguu kilikuwa kimevimba, kinawaka moto, hata shuka likikigusa anapiga yowe. Eti Alupo, mjane wa ndugu yake, amempaka kitu kwenye mrija wake wa kunywea.

Tangu hapo hakuna aliyekanyaga kwa Alupo kunywa ajono, pombe ya wimbi aliyosomeshea watoto. Wazee wa ukoo nao wakaanza kunong'ona kwamba arudi kwao.

Alupo alikasirika mpaka akakosa usingizi. Alimpakia shemeji yake kwenye bodaboda hadi hospitali moja mjini Busia, akaganda mlangoni mpaka damu ikapimwa. Daktari hakuzunguka. Alisema asidi ya yuriki imezidi mwilini, figo zinashindwa kuitoa, sasa imeganda chembechembe kwenye kiungo. Akamuuliza anakula nini. Olinga akataja pombe kila siku, maini na matumbo kila siku ya soko, na soda. Maji? Maji hanywi. Baba yake pia alichechemea hivyo hivyo mpaka kufa. Daktari akamwambia hayo ndiyo yaliyomfikisha hapo, na pombe aiache leo. Olinga akaitikia kwa kichwa, mpole kabisa.

Jioni hiyo Alupo akamrudisha mbele ya watu wale wale, kwa mzee Oriokot, walikohamia kunywa. Akamtaka aseme alichoambiwa. Olinga akasema kwa sauti ndogo kwamba ni asidi tu.

Oriokot akatoa mrija mdomoni.

"Sawa, ni asidi. Na hiyo asidi nani alikutilia?"

Wote wakamgeukia Alupo. Alupo akamwangalia Olinga, maana jibu la daktari alikuwa nalo yeye Olinga. Olinga akakohoa, akainama, akaomba apewe mrija. Akanywa.

Hapo Alupo akaelewa. Huyu mtu alikuwa radhi Alupo na watoto wake wafukuzwe, mradi pombe isilaumiwe.

"Kunywa, shemeji," akamwambia. "Kunywa mpaka na cha mguu wa pili kivimbe. Lakini mimi kwetu sirudi."