Kigoda cha Mama Fagio

Kila saa mbili kasorobo mfagiaji wa zahanati, waliyemwita Mama Fagio, alipangusa kompyuta ya masjala, akakaa kwenye kigoda kando yake kungoja sakafu ikauke. Kompyuta ilikuwa kuukuu. Karani akibonyeza jina la mgonjwa, foleni nzima ilipata wasaa wa kusalimiana mpaka habari za wakwe.

"Meza yake ya kumbukumbu ni ndogo," fundi wa kompyuta alieleza. "Ikijaa, inashusha mafaili chini, kwenye diski. Ikiyataka, inainama kuyaokota. Hapo ndipo inapochelewa."

"Na huko chini?" Mama Fagio aliuliza.

"Nako kumejaa."

Alhamisi kompyuta ikaanza kushusha mafaili kichwani mwa Mama Fagio, maana ndiye aliyekuwa karibu.

"Huyo ana pumu," alisema kutoka kigodani. "Sindano ya mwisho alichomwa Machi."

Karani akaandika. Foleni ikaisha kabla ya adhuhuri.

Mkuu wa zahanati alifurahi. "Na mlitaka ninunue kumbukumbu mpya!" Akalirudisha ombi drooni, lilimokuwa kwa miaka mitatu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jumatatu Mama Fagio alisahau njia ya kwa dada yake. Jumanne, uso wa marehemu mumewe. Akamweleza fundi.

"Shangazi, nawe umejaa," fundi alisema. "Kinachotolewa kwanza ni kile kisichoguswa siku nyingi."

"Nina binti yangu aliyefariki akiwa na miaka sita. Huyo asitoke, nakuomba."

"Nitaipunguzia kompyuta pupa ya kushusha. Lakini huyo mtoto umguse kila siku. Au uhamishe kigoda."

Mama Fagio akatazama foleni. Mwanamke wa mbele alibeba mtoto anayechemka homa, kichwa kimemlalia begani. Kigoda kikabaki palepale.

Siku hizi hufagia akimtaja binti yake kwa sauti: alikuwa na pengo la mbele, aliogopa kuku, alicheka kafunika mdomo kwa kiganja. Karani humngoja amalize ndipo awashe kompyuta. Ombi bado limo drooni. Droo hupanguswa vumbi kila Ijumaa.

Jana alikwama katikati ya chumba, fagio mkononi.

"Alikuwa na pengo la mbele. Aliogopa..."

"Kuku, mama," karani alisema, akipanga kadi zake. "Aliogopa kuku."

"Ahsante, mwanangu. Kuku."

Akamaliza kufagia, akakaa. Karani akamwita mgonjwa wa kwanza.