Shati Lililoanikwa Stoo

Kituoni walimwita Bi Lakiri, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mtunza stoo ya vielelezo: visu, simu, viatu, nondo, kila kitu ambacho polisi hukamata na mahakama husubiri kukiona. Kila mfuko uliingia kwake una lebo na lakiri nyekundu, ile nta ya kuufunga, na ulitoka hivyo hivyo. Daftari lake halikuwa na neno hata moja lililokatwa. Wageni wakija, mkuu wa kituo aliwaonyesha daftari hilo kwa maringo kama vile kaliandika yeye, na Bi Lakiri, tuseme ukweli, kichwa kilikuwa kinavimba. Binadamu hata awe mnyenyekevu vipi, hakosi pa kuringia.

Basi ndani ya stoo hiyo likaletwa shati.

Binti mmoja fundi cherehani alikutwa amekufa kibandani kwake, amechomwa kwa mkasi wake mwenyewe. Mchumba wake wa zamani, muuza matairi, aliapa kwamba ana miezi mitatu hajakanyaga pale. Aliyemwona hakuna. Polisi walipopekua nyumbani kwake wakakuta shati la mistari limesokotwa chini ya sinki, limelowa, lina doa kifuani. Ikiwa doa lile ni damu ya binti, kesi ipo. Ikiwa sivyo, muuza matairi anarudi kwenye matairi yake. Hapakuwa na kingine.

Aliyelileta alikuwa shemeji yake Bi Lakiri, mume wa mdogo wake, mpelelezi hodari wa maneno na mvivu wa mikono. Alilileta Ijumaa jioni ndani ya mfuko wa plastiki, limelowa vile vile. Sasa, nguo yenye damu hukaushwa kwanza kivulini, ndipo ikatiwa kwenye mfuko wa karatasi. Ikifungiwa kwenye plastiki ingali mbichi huvunda, na ikivunda damu nayo huharibika. Jambo hilo hata mfagiaji wa kituo alilijua.

"Lipokee tu, shemeji," alisema, tayari kashageuka. "Jumatatu nitalirekebisha."

Jumatatu hakutokea. Bi Lakiri alifungua kabati akakutana na harufu, akaona ukungu mweupe umeanza kwenye kola. Alipatwa na hasira. Akavaa glovu, akakata lakiri, akatandika karatasi safi sakafuni, akalianika shati kwenye kamba humo humo stoo na kufunga mlango. Siku mbili hakumruhusu mtu kuingia. Lilipokauka akalitia kwenye mfuko wa karatasi, akaupiga lakiri mpya.

Mpaka hapo hajakosa kitu. Sheria inaruhusu, mradi uandike: nani kafungua, lini, kwa nini. Akachukua kalamu. Shemeji ndiye huyo mlangoni.

"Unaandika nini?"

"Naandika ulichofanya. Plastiki, ukungu, nimelifungua, nimelianika."

"Ukiandika hivyo umenimaliza. Kamati ya vyeo inakaa wiki ijayo. Mdogo wako kashaanza kuniita Inspekta hata mbele ya wakwe."

"Na mimi sheria inataka niandike."

"Kwani shati si zima? Doa si lipo? Funika kombe mwanaharamu apite, shemeji. Naandika lebo mpya, mfuko wa karatasi, tarehe ile ile ya Ijumaa. Nani atajua? Na wewe daftari lako linabaki safi."

Kilichomshinda ni hilo la mwisho. Baadaye aliwaambia watu kwamba alimwonea huruma mdogo wake, na huruma ilikuwepo, sikatai. Lakini kilichoirudisha kalamu mezani ni ukurasa wake mweupe. Hakutaka usomeke kwamba kwenye stoo yake kitu kiliota ukungu. Lebo mpya ikaandikwa kama alivyotaka shemeji.

Kila Alhamisi mama wa marehemu alikuja kituoni. Wote walimwita Mama Fundi. Aliketi kwenye benchi mbele ya dirisha la stoo, akaulizia jambo moja tu.

"Dada, kile kitu kipo?"

"Kipo, mama. Nakitunza mwenyewe."

"Mungu akuweke."

Majibu ya maabara yalirudi: damu ni ya binti, haina shaka. Shemeji akapandishwa cheo. Bi Lakiri akalala usingizi mzuri, kwa sababu shati lilikuwa limesema lilichotakiwa kusema, na bila mikono yake lingekuwa limeoza. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo linaloniuma mpaka leo nikilisimulia.

Mahakamani wakili wa utetezi alikuwa mwanamke mpole, wa sauti ya chini, na hao ndio wa kuogopa. Bi Lakiri alipopanda kizimbani kutoa ushahidi, wakili alimtolea picha. Mpiga picha wa polisi, siku ya upekuzi, alikuwa amempiga picha shemeji akitoka nyumbani kwa mshtakiwa, kabeba mfuko mkononi. Picha ilikaa kwenye faili mwaka mzima na upande wa mashtaka haukuitazama.

"Shahidi, mfuko huu kwenye picha ni wa nini?"

"Plastiki."

"Na huu uliopo mezani?"

"Karatasi."

"Lebo yake ina tarehe ya siku gani?"

"Ijumaa ile ile."

"Basi tusaidie. Nani alilihamisha shati, na lini? Kwenye daftari lako sijaona."

Shemeji, kwenye benchi la nyuma, alitikisa kichwa kidogo kama anayefukuza nzi. Mama Fundi alikuwa mstari wa mbele, kajifunga kanga, anamtazama. Bi Lakiri akapiga moyo konde, akasema yote: ukungu, kamba, karatasi sakafuni, lebo, tarehe. Aliamini kwamba akieleza alivyolitunza, kila mtu ataelewa kuwa damu haikuguswa. Alieleza mpaka namna alivyovaa glovu. Wakili hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, akashukuru na kuketi.

Jaji alisoma uamuzi bila kuinua macho.

"Kufungua mfuko si kosa. Shahidi angeandika mistari miwili siku ile, ningelipokea shati hili na ripoti yake. Lakini maofisa wawili walioafikiana kuandika lebo ya uongo, mahakama itajuaje kwamba waliishia kwenye lebo? Siwezi kumhukumu mtu kwa kudhani."

Shati likatolewa kwenye ushahidi, na ripoti ya damu ikatoka nalo. Kilichobaki hakikutosha hata kumfunga kuku. Muuza matairi akaachiwa huru, na mwisho kabisa likasomwa agizo ambalo hakuna aliyelisikiliza: vielelezo virudishwe kwa wenyewe.

Shemeji alivuliwa cheo. Mdogo mtu akapiga simu mara moja tu. "Ulishindwa kusema hukumbuki? Neno moja tu, dada!" Akakata, na hajapiga tena. Bi Lakiri alipewa barua ya onyo, akarudishwa stoo, maana hakuna mwingine aliyejua kitu gani kiko kabati gani.

Jumatatu muuza matairi alikuja na nakala ya hukumu. Bi Lakiri akautoa mfuko, akaufungua mbele yake, akaandika saa na dakika. Yule bwana akalikunjua shati kwenye kaunta. Kifuani palikuwa na matundu mawili ya mraba, mkemia alipokata vipande, na kando yake doa.

"Mmelitoboa," alisema.

Bi Lakiri akamsogezea kalamu. Yule bwana akasaini, akalikunja shati, akatoka nalo kwapani.

Alhamisi akaja Mama Fundi. Safari hii hakuketi kwenye benchi. Naye alikuwa na karatasi yake ya mahakama. Bi Lakiri akamletea vya binti: mkasi, tepu ya kupimia, jozi ya viatu. Mama akavipokea kimoja kimoja, akasaini alipoonyeshwa.

"Na lile shati?"

"Limechukuliwa, mama."

"Na nani?"

"Mwenyewe. Jaji aliagiza."

Mama Fundi alifikiri kidogo. Hakuwa na hasira usoni, na laiti angekuwa nayo. Alikuwa anataka kuelewa tu.

"Shati lake, sawa. Na damu? Si mlipima mkasema ni ya mwanangu?"

"Ni ya kwake, mama."

"Sasa ya mwanangu mbona mmempa yeye?"

Sheria za vielelezo Bi Lakiri alizijua zote kwa moyo, na hakuna hata moja iliyojibu hilo. Mama Fundi alikuwa bado na viatu vya mwanawe mkononi. Akavitia kwenye mfuko wake pamoja na mkasi na tepu, akaondoka bila kuaga.