Sauti Juu ya Kabati

...na sasa anaanza tena, "Mama Evelyn, hilo jora la chini limefunuka," kana kwamba mimi sina macho, kana kwamba sipo hapa mwenyewe na mkasi mkononi na mteja mbele yangu, yeye yuko Moshi anasimamia mafundi wa nyumba yetu lakini sauti yake inatoka juu ya kabati, kwenye hicho kidude cheupe cha kamera, na mama wa watu kashtuka, anageuka huku na huku anamtafuta mwanamume, nami namwambia, "Endelea kuchagua, mama, ni mume wangu," nainama, nalifunika jora, haya, nimefunika, umeridhika... anachagua mapazia ya sebule, mama huyu, kaja kutoka Buguruni na jua lote hili, mara anataka rangi ya maziwa, mara damu ya mzee, anashika hiki anaacha hiki, na mimi sina haraka naye, wenye haraka wako Moshi, nasimama tu nikiangalia ng'ambo ya korido, Nasreen anapanga chupa zake za manukato, kanipa mgongo, siku hizi ndicho ninachopewa, mgongo, mtu niliyekula naye mchana tangu tulipopangishwa fremu hizi hapa Kariakoo, yeye na pilau lake mimi na ndizi zangu, Ramadhani nikijificha nyuma ya majora nile asinione naye akicheka kule kwake kwa sababu anajua, sasa ni "Mambo, Nasreen," "Salama," basi, macho kwenye chupa... "Hii ikifuliwa haichuji?" anauliza mama, haichuji, mama, haichuji kabisa... ni ile bandeji, alikuja asubuhi moja kaukumbatia mkoba kifuani, akaninong'oneza, "Mama Evelyn, imelegea, nifunge, nikirudi nayo hivi nyumbani wataona," na hapo ndipo nilipojua kwamba amekatwa ziwa, kwamba ile safari ya Tanga kwa shangazi haikuwa ya Tanga, alikuwa amelazwa, na hajui mtu, hata kaka yake Abubakary, "Arusi ya Mwanamkuu ipite kwanza," akasema, "sitaki siku ya mwanangu watu wakae wananitazama mimi," nikamwambia twende nyuma, nyuma hakuna mtu, ni mimi niliyesema hivyo, kwa mdomo wangu huu, nyuma hakuna mtu, akavua mtandio, akashusha gauni, nikamfunga polepole, akalia kidogo, nikamfuta, halafu akacheka akasema nina mikono ya baridi kama muuza samaki... na juu yetu pale, kati ya majora, kamera ya pili, ile ambayo mume wangu Ansbert alimwagiza fundi Beno aje aifunge baada ya jora moja kupotea, nikaisahau, nani anakaa anakumbuka kamera, ukishaizoea ni kama feni... Evelyn wangu anasoma kidato cha tano, juzi jikoni ananisimulia hadithi ya kubuni waliyopewa darasani, nchi ambayo wakubwa wanawachungulia watu hadi vyumbani, hakuna kusema wala kulia bila kuonekana, nikasema masikini watu wale, nikaendelea kumenya vitunguu, masikini watu wale, lakini wale angalau walilazimishwa, sisi tulimfuata fundi wenyewe kule Gerezani, tukamshikia ngazi, tukampa na soda... "Mwanangu, nipimie basi ya maziwa, dirisha ni kubwa," anasema mama, napima, natandaza kitambaa juu ya kaunta, na mkono unapima peke yake kwa sababu kichwa kiko kwenye simu ya wiki iliyopita, Ansbert anaongea kama anayeniambia bei ya saruji, "Simu yangu ililia kwamba kamera ya nyuma imeona mtu, nikafungua nione kama ni mwizi, sikutazama kwa ubaya, nikamwambia Abubakary kwa nia njema, dada yake anaumwa, lazima asaidiwe," "Ulimwambia umejuaje?" "Nilimwambia nimesikia kwako." "Kwangu?" "Sasa wewe ulitaka niseme nimeona?" ... ulitaka niseme nimeona, ona huyo, aibu ya kuona anaijua, ya kunitwisha mimi haijui, na Abubakary akamwambia mkewe, mkewe hana kifua, wakwe wakaja kuuliza kama ugonjwa wenyewe ni wa kurithi, arusi imesogezwa, hawasemi hadi lini, Mwanamkuu hatoki ndani, na Nasreen anaamini ni mimi, angemwamini nani mwingine, mikono iliyomfunga ni hii, na kila nikitaka kuvuka korido najiuliza nitamwambia nini, nikisema si mimi ataniuliza ni nani, na nikisema ni nani nitakuwa nimemwambia kwamba kuna mwanamume alimwona bila mtandio, bila gauni, na jeraha lake bichi, mwanamke ambaye hata mguu wake hauonyeshi, kwa hiyo nanyamaza, namsitiri, bora anione mmbeya... "Mama Evelyn, umepima pungufu hapo," inasema kabati, na mama anasogea karibu yangu, ananiuliza kwa sauti ya chini, "Kwani na mimi ananisikia?" "Anakusikia, mama." "Na ananiona?" "Anakuona." Anaivuta khanga yake, anajifunika mabega, anajifunika kifua, mtu mzima umri wa mama yangu, aliyekuwa kavaa vizuri tu, anajisitiri, halafu anarudi kwenye kitambaa kana kwamba hakufanya lolote, na mimi mkasi umenisimama mkononi... kaambiwa, kajifunika, imeisha, hakuhitaji zaidi ya kuambiwa, na Nasreen pale ng'ambo anainua mikono kufikia rafu ya juu, mtandio unateleza, anaurudisha bila haraka kwa sababu anajua wapitao korido hii saa hizi ni wanawake tu, na kamera ya mbele inaangalia moja kwa moja kwake, kila siku, hajaambiwa, na aliyenyamaza ni mimi, nikijidanganya kwamba namsitiri yeye, Nasreen alishaonekana, hapo hakuna cha kusitiri tena, ninayemsitiri siku zote hizi ni Ansbert, nimempa hadi jina langu ajifunike nalo... atalia, najua, huenda asiniangalie usoni tena, huenda akahama korido hii, basi achukie kilichotokea, si uongo... "Mbona umesimama?" inauliza kabati, ni kweli nimesimama, mama ana damu ya mzee mkono huu na maziwa mkono huu, Nasreen bado kanipa mgongo, na maneno yako tayari mdomoni, nayajaribu, si kwa sauti kubwa, kiasi cha kufika Moshi tu, "Nasreen, sikusema mimi, ulionekana, na aliyekuona ni mume wangu," na kule juu ya kabati, kimya.