Kiraka cha Kooni

Nikutegee, na ukishindwa mji wako nauchukua: kiraka gani mtu hukivaa tangu utotoni, wala hajawahi kukiona kwenye kioo? Umekosa. Nenda kamuulize Bi Pindo, fundi cherehani.

Alipokuwa mdogo alikuta kikombe jikoni, akapiga funda bila kuuliza. Kumbe ilikuwa dawa kali ya kutengenezea sabuni. Koo likaungua lote. Madaktari wakakata kipande cha utumbo wake mpana, wakakipandisha kifuani kiwe njia ya chakula.

"Mimi ni utumbo mwanzo mwisho," alipenda kujisema. "Uroho wangu mnauonaje?"

Akaolewa, akazaa, akazeeka na kiraka chake. Mwaka huu mkate ukaanza kukwama kifuani. Akawa anatafuna mpaka wenzake wanaosha vyombo.

"Mama, kinakwama?" binti yake akamuuliza.

"Kinapiga foleni tu."

Jibu hilo lilipomchosha, binti akamkokota hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. "Bibi, kipande kile, na hata koo la zamani lililobaki, vinaweza kuota saratani baada ya miaka mingi. Si kila mtu, ila lazima tuchungulie kwa kamera. Tukiwahi, tuna la kufanya. Niambie, chakula kinakwama?"

Bi Pindo akainamia koti jeupe la daktari. "Mwanangu, pindo lako linaachia."

"Nitalishona, Bibi."

"Lini? Nyinyi ndio zenu. Uzi ukilegea mnanyamaza, nguo ikitatuka mnaniletea mkilia. Nguo yenye kiraka inarudishwa kwa fundi aikague, hata kama haijachanika."

Binti akakohoa kidogo. "Endelea, Mama, tunakusikiliza."

Masikio ya Bi Pindo yakapata moto. Wateja wote aliowafokea miaka yote hiyo, na yeye mwenye kiraka kikubwa kuliko vyao hajakirudisha hata mara moja. Fundi mzima. Ukweli ni kwamba aliiogopa ile kamera, maana yeye angeweza kuidanganya meza nzima ya chakula, lakini kamera ingeona.

Akacheka peke yake, kicheko kikafia kifuani palepale mkate unapofia.

"Na swali langu, Bibi?" daktari akauliza taratibu.

"Kinakwama," akasema Bi Pindo. "Mwanzo mkate, sasa hata uji. Foleni yenyewe haisogei."